Jenerali wa Mikumi

Kaelo alipata ujenerali akiwa amekalia tairi bovu la lori, Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Bunduki hakuwahi kushika. Kazi yake ilikuwa kulinda malori yanayopumzika mchana: madereva wakienda kula na kulala, yeye huzunguka yadi na fimbo mkononi, akifukuza nyani wanaoparamia maturubai na kuwakazia macho vijana wanaopita karibu mno na matangi ya dizeli. Kazi ya namna hiyo ina kukaa kwingi, na huko kukaa kwake Kaelo alikumalizia kwenye vita vya Siria.

Alikuwa Mmasai wa nyanda za Kilosa, mtoto wa pili wa mzee aliyewagawa wanawe kama wazee wengi walivyofanya enzi maofisa walipokuwa wakipita boma kwa boma kusaka watoto wa kuandikishwa shule. Mkubwa, Sendeka, alibaki na ng'ombe. Kaelo akatolewa. Shuleni hakung'ara, ila alipenda ramani kupita kiasi. Mwalimu wa jiografia akishatoka darasani, yeye hubaki mbele ya ramani ya ukutani akifuata mito kwa kidole. Akafika kidato cha nne, akafeli pamoja na wenzake wengi, akarudi nyumbani na kukuta ng'ombe hawamjui na yeye hawajui. Sendeka hakumcheka. Alimwambia tu, "Kila mtu na malisho yake," na Kaelo akashuka Mikumi kutafuta ya kwake. Mkewe Naeku na binti yao Nashipai walibaki bomani kwa Sendeka, naye akawa mtu wa kwenda na kurudi.

Simu ya kupangusa aliuziwa na dereva mmoja aliyekuwa na shida ya haraka. Kioo kilikuwa na ufa, lakini intaneti ilishika. Mwaka huo, 2013, kampuni za simu zilikuwa zikigombania wateja kama wapiga debe stendi, na hata mlinzi wa malori aliweza kujiunga bando. Kaelo akafungua akaunti ya Fesibuku. Jina akaandika Jenerali Mikumi, picha akaweka kifaru cha kivita kinachovuka mto. Haikupita muda akaangukia kwenye kundi liitwalo Uwanja wa Vita, na humo hakutoka tena.

Mlikuwa na watu wa kila aina: kinyozi wa Tanga, nesi wa Kasulu, fundi cherehani wa Mbagala, wanafunzi wa vyuo. Hakuna aliyewahi kufika Siria, wala aliyekuwa na ndugu huko. Lakini waliamka wakiulizana habari za Homs na Aleppo kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Walikuwa wamegawanyika kama Simba na Yanga, hawa wakiishangilia serikali, wale wakiwashangilia waasi. Mji ukitekwa, upande mmoja uliwatania wenzao siku nzima. Ukikombolewa, utani ukarudishwa na riba. Kaelo alikuwa upande wa serikali. Sababu hakuweza kuieleza vizuri, ila siku aliyojiunga upande huo ndio uliokuwa unatukanwa zaidi, akauonea huruma.

Alichowazidi wengine ni ramani. Alizichora kwa kalamu nene nyuma ya maboksi ya bisikuti, na mishale inayoonyesha jeshi linatokea wapi na njia ipi ya chakula ikikatwa mji utaanguka, kisha akazipiga picha na kuzirusha. Mara nyingi alikosea, kama wachambuzi wote. Lakini siku alipopatia, kundi zima lilimpigia saluti. "Tuchambulie, Jenerali," wakawa wanamwandikia. "Jenerali yuko wapi leo?" Mtu ambaye dereva alimwita kwa mluzi, na mwenye yadi hakuwahi kulijua jina lake la pili, sasa alikuwa anasubiriwa Tanga na Kasulu. Alianza kunyoa ndevu kila asubuhi, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona.

Mpinzani wake mkubwa alijiita Msema Kweli. Picha yake ilikuwa ua la alizeti. Huyu aliwatetea waasi kwa maneno makali na ya kuchekesha, na mabishano yao yalikuwa ndiyo burudani ya kundi. Kisha Kaelo akashikwa na malaria, akalala siku kadhaa bila kufungua simu. Alipoifungua, akakuta ujumbe wa faragha kutoka kwa Msema Kweli: "Jenerali, umeuawa au umetoroka jeshi?"

Kaelo alicheka peke yake kitandani hadi kichwa kikamgonga. Akajibu, "Nimepigwa na mbu, si na waasi."

"Pole sana kaka. Mimi kwa jina naitwa Kasiani, mkulima, niko Magole, huku Kilosa. Wewe je?"

Kaelo alilitazama swali hilo kwa muda. Jina lake lingemwambia mkulima huyo kwamba anaongea na mfugaji wa Kimasai. Akaandika, "Niite Jenerali tu. Niko kwenye malori huku."

Haukuwa uongo. Urafiki ukaanzia hapo. Hadharani waliendelea kutupiana makombora, faraghani wakiulizana mvua, bei ya mahindi na homa za watoto. Mke wa Kasiani, Hildegarda, alipoharibikiwa mimba, mtu wa kwanza kuambiwa nje ya nyumba alikuwa Jenerali. "Nimekaa nje ya wodi hapa sina wa kuongea naye," Kasiani aliandika. Kaelo aliacha malori yajilinde mchana ule, akaongea naye kwa vidole mpaka chaji ikaisha.

Mara moja tu jambo lenyewe lilikaribia. Kasiani aliandika, "Ninyi Mikumi mna nafuu, kaka. Huku Wamasai na ng'ombe wao wametufikisha pabaya. Mpunga wangu wa bondeni umeliwa wote." Kaelo akaandika jibu refu, akalifuta. Akaandika la pili, fupi, akalifuta nalo. Mwisho akatuma, "Poleni sana," kisha akauliza kama amesikia kilichotokea Aleppo.

Simu yake aliichaji kwa Coletha, mama wa Kisukuma mwenye kibanda cha chakula ng'ambo ya yadi. Coletha alikuja na mumewe Jilala kutoka Shinyanga, wakifuata majani. Jilala na ng'ombe walikuwa kijiji cha Zombo, yeye akabaki Mikumi kuwapikia madereva ugali na nyama ya kukaanga. Vita vya Kaelo vilimchosha.

"Baba Nashipai," alimwambia siku moja akimpa simu yake, "huko Siria una shamba?"

"Sina, mama."

"Una ng'ombe?"

"Sina."

"Basi wanakupa nini?"

"Ni kujua tu mambo ya dunia."

"Dunia ni kubwa," Coletha alisema, akageuza ugali. "Ya huku umeshaijua yote?"

Siku zile mji wa Homs ulikuwa umezingirwa. Mtu aliweka kundini picha ya familia imekaa katikati ya kifusi: mama, watoto, na birika la chai juu ya tofali. Nesi wa Kasulu akaandika, "Jamani, hawa watoto wamekosa nini?" Upande wa serikali ukanyamaza, na wote wakawa wanamsubiri Jenerali. Kaelo aliiona picha ile. Ilimgusa, na kwa kuwa ilimgusa ilimuudhi, maana ilikuwa inaufanya upande wake ushindwe. Akainua macho, akaona ng'ambo ya barabara vibanda vilivyokanyagwa na tembo msimu uliopita, na maneno yakaja yenyewe. Akaandika: "Vita haikuja kwa kuvizia. Walionywa, wakabaki. Aliyejenga kwenye njia ya tembo asililie ukuta."

Watu walilipenda neno hilo kwa mamia. Walilinukuu, wakalirusha kwenye makundi mengine, fundi wa Mbagala akasema litaandikwa kwenye kanga. Hata Kasiani, mpinzani wake, akaandika, "Hapo umenimaliza, Jenerali." Kaelo alitembea kwenye kokoto siku ile kama mtu aliyepandishwa cheo kweli. Alimsomea Coletha. Coletha akauliza, "Na hao watoto nao walijenga?" Kaelo akasema mama haelewi siasa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kibaya. Mito ilikatika mapema, na majani yakabaki mabondeni tu, palipokuwa na mashamba. Sendeka alimpigia simu mara mbili kumwambia hali si nzuri, vijana wa pande zote wanatembea na silaha, mikutano ya usuluhishi inaitishwa na kuvunjika. Kaelo alimsikiliza akiwa na jicho moja kwenye kioo. "Itatulia, kaka," alisema. "Kila kiangazi huwa hivi."

Haikutulia. Mchana mmoja alipofungua kundi ili kuona vita vya Aleppo vimefikia wapi, picha ya kwanza kumjia ilikuwa ya mtu amelazwa kwenye majani ya mpunga, amefunikwa kanga kuanzia kifuani mpaka usoni. Miguu ilikuwa nje, ina matope. Juu yake Msema Kweli alikuwa ameandika: "Huyu ni mdogo wangu Desderi. Amekwenda kutoa ng'ombe shambani, wamemchoma mkuki. Nani atanichambulia na vita hii?"

Komenti zilikuwa zinashuka kama mvua ya mawe. Pole, pole sana, Mungu amlaze. Kisha zikabadilika. Hawa watu hawana ubinadamu. Wamasai watolewe wote, warudi walikotoka. Hata nesi wa Kasulu, aliyewalilia watoto wa Homs, aliandika kwamba uvumilivu una mwisho. Wengine wakaanza kumwita: "Jenerali, toa tamko. Jenerali, chora ramani ya maboma yao." Mtu akaeleza kwa ustadi ni njia zipi zifungwe ili mifugo ikose maji. Alikuwa amejifunza kwa Kaelo. Hata mishale aliichora kama yake.

Na katikati ya hayo, Kasiani mwenyewe akaandika: "Wameonywa, wakabaki. Kama alivyosema Jenerali wetu, aliyejenga kwenye njia ya tembo asililie ukuta."

Kaelo aliweka simu chini kwenye kokoto, kifudifudi. Lori moja lilikuwa linataka kutoka, dereva akampigia honi, akapiga tena, mpaka utingo akashuka kuja kumtikisa bega.

Baadaye ujumbe wa faragha ukaingia. "Kaka, njoo unizikie mdogo wangu. Sijawahi kukuona lakini wewe ndiye ninayekutaka hapa." Kaelo akajibu kuwa atakuja. Hakujua kwa nini alijibu hivyo, kidole kilitangulia.

Kesho yake, kabla hajaomba ruhusa kwa mwenye yadi, Sendeka akapiga. Aliongea Kimasai, taratibu, kama mtu anayesoma. Vijana wa mashambani walikuja wengi mchana. Boma limeungua lote. Ng'ombe wengine wamekatwa mishipa ya miguu, wamelala palepale wakilia, wengine wametawanyika. Mzee mmoja jirani ameshindwa kukimbia. Naeku na Nashipai wako hai, wamefika Kilosa kwa miguu pamoja na wanawake wengine.

"Desderi yule," Kaelo aliuliza, "aliyechomwa mkuki. Ng'ombe walikuwa wa nani?"

"Umelijuaje jina lake?" Sendeka aliuliza.

Kaelo aliwakuta Kilosa, kwenye uwanja wa kanisa karibu na reli. Familia nyingi zilikuwa pale, kila moja na kirundo chake cha vyombo. Naeku alikuwa amekaa juu ya sufuria lililofunikwa, akimsuka Nashipai nywele. Alimpa mumewe mkono bila kusimama. Shuka lake lilikuwa linanuka moshi.

"Umekuja kutuchukua?" alimuuliza.

"Nitawachukua kesho. Leo nafika Magole."

"Magole kuna nini?"

"Kuna mtu amefiwa. Ni rafiki yangu."

Naeku aliacha kusuka. Sendeka, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasogea mbele. Alikuwa amezeeka tangu mara ya mwisho walipoonana, na mkononi hakuwa na fimbo, jambo ambalo Kaelo hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

"Unakwenda kumlilia yule," Sendeka alisema.

"Nakwenda kumpa pole nduguye. Ananisikiliza, kaka. Nikimwambia, huenda na yeye akawaambia wenzake."

"Umeshamwambia wewe ni nani?"

Kaelo akaiingiza simu mfukoni.

"Basi hakusikilizi wewe," Sendeka alisema. "Anamsikiliza mtu mwingine." Kisha, akitazama upande wa reli, akaongeza jambo ambalo Kaelo hakuomba aambiwe: "Ng'ombe walikuwa wa jirani. Sisi hatukuwapo." Alilisema haraka, na hakumtazama usoni.

Kaelo alipanda gari la Dumila. Alivaa suruali, shati la mikono mirefu na kofia aliyoivuta mpaka masikioni, maana masikio yake yalitobolewa na kuvutwa tangu utotoni, na makovu ya mashavuni hayafichiki. Njiani abiria walizungumza habari moja tu. Mama mmoja nyuma yake alikuwa anaeleza jinsi Desderi alivyokuwa mcheshi. Alishuka Magole jua likiwa kali, akasimama kwenye kivuli cha mashine ya kusaga, akampigia Kasiani.

"Nimefika. Niko hapa mashineni."

"Nakuja na baiskeli, kaka. Nimevaa shati la bluu."

Alimwona akija, mtu mwembamba, mrefu, macho mekundu ya kutolala. Kasiani aliegesha baiskeli, akaangaza huku na huku. Macho yake yalimpita Kaelo, yakaenda kwa mwanamume mnene aliyekuwa anapima mahindi, yakarudi, yakampita tena. Akatoa simu, akapiga. Simu ikaita mkononi mwa Kaelo.

Kasiani aliisikiliza ikiita. Hakuikata mara moja. Aliacha iite mpaka ikakoma yenyewe.

"Wewe?" alisema.

"Ni mimi. Pole sana kwa msiba, Kasiani."

"Vua kofia."

Kaelo akavua. Kasiani alimtazama masikio, akamtazama mashavu, kisha akageuka kuangalia kama kuna mwingine aliyeona. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akamvuta nyuma ya jengo la mashine, kwenye pumba na magunia matupu. Mashine ilikuwa inanguruma ndani na iliwabidi waongee kwa sauti, na bado hakuna aliyewasikia.

"Muda wote huu," Kasiani alisema. "Hildegarda alipokuwa wodini, wewe ndiye nilikuwa naongea naye. Wewe."

"Na mimi nilikujibu. Si nilikujibu?"

"Hukuniambia wewe ni nani."

"Ningekuambia, ungeniandikia tena?"

Kasiani alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa naandika mambo kuhusu ninyi. Ulikuwa unayasoma."

"Nilikuwa nayasoma."

"Ulikuwa unanicheka?"

"Nilikuwa naona haya," Kaelo alisema. "Sijui kwa nini niliona haya mimi."

Kasiani akauliza swali lilelile ambalo Kaelo alimuuliza Sendeka. "Ng'ombe walikuwa wa nani?"

Kaelo aliwaza jibu la kaka yake, na jinsi macho ya kaka yake yalivyokwenda relini. "Sijui," alisema.

"Hujui au husemi?"

"Sijui, Kasiani. Na wewe niambie. Boma la kaka yangu limechomwa. Mke wangu na mtoto wangu walikuwa ndani. Ulikuwapo?"

"Nilikuwa nachimba kaburi."

"Na kama kaburi lingekuwa limeshachimbwa?"

Mashine ilizimwa, na ukimya wake ukaja ghafla kama mtu wa tatu. Sauti za vijana zikasikika upande wa mbele, zikicheka, zikiuliza baiskeli hii si ya Kasiani?

"Waambie waache," Kaelo alinong'ona. "Nimekuja kwa hilo. Wewe ndiye mfiwa, watakusikiliza. Bado kuna maboma ya kwetu huko, kuna wazee."

"Nikiwaambia waache wataniuliza ninamtetea nani." Sauti ya Kasiani ilikuwa imechoka kabisa. "Mama yangu amekaa pale kwenye jamvi. Nikuingize? Nimwambie, mama, huyu ndiye Jenerali niliyekusimulia? Nenda. Vaa kofia yako uende kabla hawajakuona."

Walimwona hata hivyo. Vijana watatu walitokea kwenye kona ya jengo. Mmoja alikuwa na panga ameliegemeza begani kama mtu aliyetoka shambani, na pengine kweli alitoka shambani.

"Huyu nani, bro?" aliuliza.

Kasiani alitazama pumba chini. "Muuza dawa za mitishamba," alisema. "Nilimwagiza dawa ya mama ya presha. Anaondoka."

Aliwatangulia, akasimamisha pikipiki, akamwambia mwendeshaji ampeleke abiria Dumila moja kwa moja asisimame popote. Kaelo alipopanda, alimpa Kasiani mkono. Kasiani aliuona. Vijana walikuwa wanatazama. Akaushika mpini wa baiskeli yake kwa mikono yote miwili, akaondoka nayo akiikokota kuelekea msibani.

Kasiani hakumtangaza kundini. Hilo Kaelo alilingoja siku nyingi, akifungua simu kila saa, lakini jina la Msema Kweli halikuandika neno. Siku moja akalitafuta kwenye orodha ya marafiki na hakulikuta. Faragha nayo ilikuwa imefungwa.

Ndipo akaamua kujitangaza mwenyewe. Alikaa kwenye tairi lake akaandika kwa muda mrefu kuliko uchambuzi wowote aliowahi kuandika. Alisema jina lake ni Kaelo, Mmasai wa Kilosa. Alisema boma lao limeungua na rafiki yake amezika ndugu, na yeye hajui vita hii itaishaje. Alisema lile neno la tembo alilitoa kwa ujinga, anawaomba walifute. Akatuma.

Wa kwanza kujibu aliweka uso unaocheka. Wa pili akaandika, "Kumbe tulikuwa na jasusi!" Kinyozi wa Tanga akasema anajuta kumwamini. Wengine walidhani ni utani wa Jenerali na wakaomba ramani. Wachache walimpa pole, na waliompa pole wakatukanwa. Mchana huohuo mwenye kundi akamwondoa, kwa maelezo kwamba Uwanja wa Vita hautaki ukabila.

Naeku na Nashipai walihamia Mikumi, chumba kimoja nyuma ya kibanda cha Coletha. Nashipai akaanza shule upya, darasa la nyuma. Naeku hakumlaumu mumewe kwa maneno, alikuwa anamuuliza tu, akimwona ameshika simu, "Wanasemaje?" na Kaelo anajibu hakuna kitu. Coletha naye aliacha maswali yake. Habari kutoka Zombo hazikuwa nzuri, na Jilala alikuwa anatafuta mahali pengine pa kupeleka ng'ombe.

Mvua zilipokaribia, lori la mifugo liliingia yadini saa sita mchana. Aliyeshuka mbele pamoja na dereva alikuwa Sendeka. Alikuwa amekusanya ng'ombe waliobaki, nao walijaa lori moja. Walikuwa wanakwenda Tunduru.

"Una mtu huko?" Kaelo alimuuliza.

"Wapo wenzetu waliotangulia. Wanasema kuna majani."

"Na watu wa huko? Wanalima?"

Sendeka alimtazama mdogo wake. "Watu wako wapi wasikolima?"

Ng'ombe mmoja alikuwa ameanguka ndani ya lori, na wenzake walikuwa wanamkanyaga. Kaelo alipanda na kaka yake. Walijaribu kumwinua, Sendeka akivuta pembe na kumsemesha kwa jina, Kaelo akisukuma kwa bega kutoka nyuma, miguu ikimteleza kwenye mavi. Alikuwa dume jekundu, na kwenye mguu wa nyuma alikuwa na kovu la panga lililopona vibaya. Aliinuka nusu, akatetemeka, akaanguka tena. Wakajaribu mpaka dereva akaanza kunung'unika kwamba njia ni ndefu, hataki kuvuka milima ya Iringa gizani.

Wakamshusha kwa kamba. Alilala kwenye kokoto akipumua kwa nguvu. Madereva walikuwa wameshaanza kukusanyika, mmoja akiuliza kilo itauzwaje, na wawili wamesimama pembeni wakipiga picha.

"Mchinje wewe," Sendeka alisema, akampa mdogo wake kisu. "Mimi siwezi."

Akapanda mbele, lori likatoka, likapandisha barabara ya Iringa. Kaelo alisimama na kisu mkononi, na Coletha akaja na beseni.